Tafuta oili inakotoka kabla ya kupaka silikoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie oili ya injini inayovuja, kwa sababu wenye magari madogo wanapoteza pesa nyingi hapo bila ulazima. Pita kwenye maegesho yoyote ya soko, ofisi au nyumba za kupanga na utazame sakafu. Madoa meusi yamejaa. Mwenye gari anaongeza nusu lita kila baada ya wiki mbili, na siku akichoka anaenda gereji, anapakwa silikoni kwa nje au anaambiwa sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, imekufa na gia boksi lazima ishushwe. Mara nyingi oili hiyo inatoka juu kabisa, kwenye gasketi, mpira unaoziba kiungo cha vyuma viwili, ambayo mtu makini anaweza kuibadilisha nyumbani kwa nusu siku akiwa na spana namba 10.

Nitazungumzia zaidi injini ya Toyota 1NZ-FE ya cc 1,497, pamoja na ndugu yake 2NZ-FE ya cc 1,298, kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani kwetu. Zimo kwenye IST, Raum, Probox, Succeed, Funcargo, Spacio na Vitz nyingi. IST ya kwanza ilitoka Japani mwaka 2002 na uzalishaji wake ukaisha 2007. Kwa hiyo hata ile iliyoshushwa bandarini juzi ina mipira ya injini yenye umri wa miaka karibu 20. Mpira uliopikwa na joto miaka yote hiyo hukakamaa, ukapoteza ule ulaini wa kujaza nafasi kati ya vyuma viwili. Ukiutoa na kuukunja unavunjika kama biskuti. Hakuna dawa ya kumimina inayourudishia ujana.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kinachodondoka ni oili ya injini. Tandaza boksi kubwa la karatasi chini ya gari usiku, na uweke alama mahali tairi za mbele zilipo ili asubuhi ujue tone lilianguka chini ya sehemu gani. Oili ya injini huwa ya kahawia, au nyeusi ikiwa imetumika, na huteleza kati ya vidole. Oili ya gia boksi ya otomatiki huanza ikiwa nyekundu na kugeuka hudhurungi, nayo ina harufu yake kali. Maji ya rejeta huwa ya kijani, ya waridi au mekundu, na yana utamu fulani puani. Usiyaonje, ni sumu. Maji meupe yanayodondoka upande wa abiria baada ya kuwasha kiyoyozi ni ya kawaida, yaache. Kama gari lako lina usukani wa umeme, kama zilivyo IST, usihangaike kutafuta oili ya usukani maana haina.

Kisha pima oili kwa kijiti chake. Gari liwe kwenye ardhi tambarare, injini ipate moto, izimwe, usubiri dakika 5 oili ishuke. Chomoa, futa, rudisha hadi mwisho, chomoa tena usome. Andika ulipoikuta pamoja na kilomita zilizo kwenye dashibodi, urudie baada ya wiki. Kama kijiti kinashuka lakini boksi ni kavu, oili haivuji, inaungua ndani. Tazama moshi wa bluu unapowasha asubuhi au unapokanyaga baada ya kuteremka mlima. Hapo tatizo ni ringi za pistoni au sili za valvu, na barua hii haitakusaidia. Wenye 1ZZ-FE, injini nyingine ya Toyota ya cc 1,794, iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2005 wawe waangalifu zaidi hapa, kwa kuwa hiyo inajulikana kwa kula oili kupitia ringi.

Wengi wanaamini taa nyekundu yenye picha ya kibirika itawaambia oili ikipungua. Taa hiyo inasoma presha, haisomi kiwango. Inapowaka ukiwa barabarani maana yake pampu haipati oili ya kutosha na vyuma vimeanza kusagana. Zima injini hapo hapo, hata kama umebakiza mita 500 kufika nyumbani. Jambo jingine lisilosubiri ni oili inayodondokea ekzosi. Utasikia harufu ya kuungua ukisimama kwenye foleni na utaona moshi mwembamba ukitoka chini ya boneti. Oili juu ya ekzosi yenye moto inaweza kuwaka, kwa hiyo uvujaji wa aina hiyo urekebishwe kwanza, hata kama ni matone machache.

Sasa kazi yenyewe. Hatua inayorukwa na karibu kila mtu ni kuosha. Injini iliyolowa oili ya miaka 3 iliyochanganyika na vumbi haiwezi kukuonyesha chochote. Ioshe ikiwa baridi, kwa sababu maji baridi kwenye ekzosi au chuma chenye moto yanaweza kukipasua. Toa terminali hasi ya betri. Funika alteneta, boksi la fyuzi, koili za plagi na mdomo wa filta ya hewa kwa karatasi la nailoni lililofungwa vizuri. Tumia dawa ya kuoshea injini, au maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga na brashi. Mafuta ya taa yanalainisha uchafu mgumu, lakini yaoshwe yote kwa sabuni baadaye maana nayo yanaacha unyevu utakaokudanganya. Petroli usiiguse kabisa, mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo. Pia mwambie kijana wa kuosha magari asielekeze mpira wa presha kwenye koili. Maji yakishaingia kwenye mashimo ya plagi injini itaanza kukosa moto, na utakuwa umejiongezea tatizo la pili.

Ikishakauka, iwashe ikae bila kutembea kwa dakika 15, kisha mulika kwa tochi kuanzia juu. Usipoona kitu, endesha kilomita 20 na urudie. Sheria ya kutafuta ni hii: oili huteremka, na gari likiwa mbioni upepo huisukuma nyuma. Sehemu yenye tone ni mwisho wa safari yake. Wewe tafuta palipolowa pa juu kabisa na pa mbele kabisa. Kama kuna tone kwenye kiungo cha injini na gia boksi, fuata njia yake kwenda juu hadi ukute pakavu. Kwa 1NZ ya umri huu, safari hiyo mara nyingi inaishia kwenye kona ya tapeti kava, kile kifuniko cha chuma cha juu ya injini. Sehemu ambayo macho hayafiki, ingiza simu yenye kamera au kioo kidogo cha kujitazamia.

Uvujaji ukiwa mdogo sana, nyunyizia poda ya watoto kwenye sehemu unazozishuku zikiwa kavu kabisa, kisha washa. Oili itachora mstari mweusi kwenye poda kuanzia inapotokea. Ipo pia rangi inayochanganywa na oili na kung'aa ukiimulika kwa taa yake maalumu. Ukiipata, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kwa injini ndogo kama hizi, poda inatosha.

Kabla hujanunua gasketi yoyote, angalia valvu ya kupumulia ya injini, ile ambayo mafundi huiita PCV. Iko juu kwenye tapeti kava na ina mpira unaokwenda kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Kazi yake ni kuvuta gesi zinazopenya kwenye ringi ili zikachomwe tena. Ikiziba kwa tope la oili, gesi hizo zinakosa njia, presha inapanda ndani ya injini na kusukuma oili nje kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Hiki ndicho chanzo ambacho gereji nyingi hazikiangalii. Unabadilishiwa gasketi leo, baada ya miezi michache inavuja tena, unaambiwa gasketi ilikuwa feki. Huenda ni kweli, maana feki zipo, lakini huenda pia PCV haijaguswa tangu gari litoke kiwandani.

Kuipima ni rahisi. Itoe, itikise kwenye sikio. Nzima hulia, kitu ndani kinagonga. Kisha unganisha mpira safi upande unaoingia kwenye kava na upulize: hewa ipite kirahisi. Puliza upande wa manifoldi: ipite kwa shida sana. Usivute kwa mdomo, mvuke wake una madhara. Mipira yake nayo iangalie, ikiwa imelainika au imepasuka ibadilishe. Baadaye injini ikiwa imewashwa bila kutembea, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke glavu nyembamba ya mpira juu ya tundu. Ikivutwa ndani au ikitulia, hali ni nzuri. Ikivimba kwa nguvu huku moshi ukitoka, na PCV ni mpya, ringi zimechoka na hakuna gasketi itakayodumu hapo. Ukiwa umeshika kifuniko hicho, tazama mpira wake wa ndani. Ukikakamaa oili hurushwa juu ya injini yote, na mtu akadhani tapeti kava imekufa.

Nije kwenye tapeti kava yenyewe. Vitu vya kununua ni gasketi ya kava, mipira ya mashimo ya plagi ikiwa kwa injini yako inauzwa peke yake, na tyubu ndogo ya silikoni isiyoharibiwa na oili, inayovumilia joto. Nenda dukani na namba ya chesisi, iwe Gerezani hapa Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, na linganisha mpya na ya zamani tundu kwa tundu, kona kwa kona. Gasketi nzuri ni laini, inarudi umbo lake ukiikunja, na haina mabaki ya plastiki pembeni. Ile inayonuka kama kandambili mpya na kubaki na mkunjo, iache dukani.

Injini ipoe kabisa. Toa terminali hasi. Vua kifuniko cha plastiki cha juu. Plagi za umeme za koili zina ulimi wa kubonyeza, na kwa umri huu plastiki yake imekauka, hivyo bonyeza taratibu huku ukisukuma kidogo mbele ndipo uvute. Ukilazimisha inavunjika. Koili zimeshikwa na boliti moja moja ya namba 10. Zichomoe kwa kuzizungusha kidogo, uzipange kwa mpangilio wake. Mulika ndani ya mashimo ya plagi. Ukikuta oili humo, mipira ya mashimo imekwisha, na hiyo huenda ndiyo sababu gari lilikuwa linatetemeka likiwa limesimama. Usifungue plagi kabla ya kuifyonza oili hiyo kwa bomba la sindano au tambara lililofungwa kwenye kijiti, vinginevyo itamwagikia ndani ya silinda pamoja na mchanga.

Chomoa mipira miwili ya hewa ya kava na vishikizo vya nyaya, kisha legeza boliti kidogo kidogo kutoka pembeni kuelekea katikati. Si zote zina urefu sawa. Zichomeke kwenye kipande cha boksi ulichochora umbo la kava ili kila moja irudi kwake. Kava ikigoma kutoka, ipige kwa mpini wa mbao au ngumi. Usiingize bisibisi kuibinua, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye aluminiamu ni njia mpya ya oili.

Usafi ndio kazi kubwa. Ziba nafasi za cheni ya ndani ya injini kwa tambara safi ili uchafu usidondoke ndani, na hesabu matambara uliyoweka. Futa uso wa silinda hedi mpaka tambara litoke bila rangi, ukikwangua silikoni ya zamani kwa kadi ya plastiki. Msasa usiuguse hapo, punje zake ni chembe za kusaga na zikiingia kwenye oili zinaenda moja kwa moja kwenye beringi. Mfereji wa kava usuguliwe kwa mswaki wa zamani na ukaushwe. Gasketi mpya inakaa kavu, bila silikoni, ikibonyezwa kwenye mfereji mzima mpaka isining'inie popote. Silikoni inahitajika sehemu mbili tu: pale kava ya cheni inapokutana na silinda hedi, mbele na nyuma. Hapo kuna kiungo cha vyuma viwili ambacho gasketi pekee haikijazi. Weka nundu ndogo yenye upana wa milimita 4 hivi kila upande, na uifunge kava ndani ya dakika 3 kabla haijaanza kukauka. Ukikuta kona hizo mbili ndizo zilizokuwa zinavuja, aliyefunga kabla yako aliziruka.

Boliti zifungwe kwa mkono kwanza, zote, ndipo spana. Anza katikati, nenda pembeni kwa kuzunguka, mara mbili. Mkazo ni Nm (nyutoni mita) 10 hivi, sawa na kusukuma kwa nguvu ya kilo 10 mwishoni mwa spana ya sentimita 10. Kwa rachet ya kawaida nguvu hiyo ni ndogo kuliko mkono wako unavyotaka. Boliti hizi ni nyembamba na zimeingia kwenye aluminiamu. Ukizidisha, nyuzi zinakula au boliti inakatikia ndani, na kazi ya nusu siku inageuka kazi ya siku tatu kwa fundi wa kutoboa. Ukimaliza, acha silikoni ikauke angalau saa 2 kabla ya kuongeza oili au kuwasha. Ikiwezekana liache gari hadi kesho yake.

Niseme wazi kuhusu silikoni, kwa sababu hapa ndipo injini zinapokufa. Kila unachokiona kimefurika nje ya kiungo, kiasi kama hicho kimefurika ndani. Kile cha ndani hukatika vipande, vikashuka kwenye sampu, bakuli la oili la chini ya injini, vikanasa kwenye chujio la pampu. Presha inashuka, taa inawaka, injini inagonga. Gari liliingia gereji kwa tone la oili na linatoka likihitaji injini nyingine. Silikoni ya kupakwa kwa nje juu ya oili nayo haishiki, kwa kuwa presha inatoka ndani na uso una mafuta. Itaficha njia ya oili kwa wiki mbili tu, na atakayekuja kutafuta baadaye atapata shida zaidi.

Filta na nati ya sampu ni za kukaguliwa hasa kama uvujaji ulianza muda mfupi baada ya kubadilisha oili. Kuna kosa moja la filta ambalo humwaga oili yote ndani ya dakika chache: mpira wa filta ya zamani unabaki umeganda kwenye injini, filta mpya inafungwa juu yake, inakuwa mipira miwili. Kila ukitoa filta, hakikisha imetoka na mpira wake. Mpya ipakwe oili kidogo kwenye mpira, izungushwe kwa mkono hadi iguse, kisha iongezwe robo tatu ya mzunguko. Mnyororo wa filta ni wa kufungulia, hautumiki kufungia. Nati ya sampu ina wosha inayobonyea mara moja. Badilisha kila unapomwaga oili. Mkazo wake ni Nm 37 hivi, yaani kilo 15 kwenye spana ya sentimita 25. Nati ikiwa imeshakula uzi, usikubali kuzungushiwa tepu ya mabomba wala kupigiwa nati kubwa zaidi kwa nguvu. Sampu ya chini ya injini hizi ni ya bati la chuma na inapatikana. Ibadilishwe, au uzi utengenezwe upya na mtu mwenye kifaa chake.

Papo hapo angalia kiasi. 1NZ inachukua takriban lita 3.7 ukibadilisha na filta, lita 3.4 bila filta. Galoni ya oili ya dukani ni lita 4. Watu wanamimina yote kwa kuwa wameilipia. Weka lita 3.3, washa dakika 2, zima, subiri, pima, kisha ongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu. Inayobaki itunze kwenye buti.

Swichi ya presha ya oili ni kitu kidogo chenye waya mmoja, na huvuja kupitia kwenye mwili wake. Chomoa waya: ukikuta oili ndani ya soketi yake, swichi imekufa. Inatoka kwa soketi ndefu ya namba 24. Uzi wake umechongoka, hivyo haukazwi mpaka mwisho. Nm 15 zinatosha. Paka gundi ya uzi kidogo ukiacha nyuzi mbili za mwanzo, na usizungushe tepu nyeupe ya mabomba, maana swichi hii hupata ethi (njia hasi ya umeme) kupitia uzi huo na taa inaweza kuacha kufanya kazi. Valvu ya VVT-i, mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka, iko upande wa cheni nayo ina oringi (pete ya mpira). Boliti moja ya namba 10, chomoa kwa kuzungusha bila kuvuta soketi ya umeme, weka oringi mpya iliyolowekwa oili. Kazi ya robo saa.

Wenye 1ZZ-FE, yaani Wish, Premio na Allion za toleo la kwanza za cc 1,800, wana mshukiwa wao: tenshena, yaani kikazio cha cheni. Imefungwa kwa nje kwa nati mbili za namba 10 na oringi yake hukakamaa. Oringi ni ya bei ndogo, ila tahadhari ni kubwa. Tenshena ikiwa imetoka, injini isizungushwe hata kidogo, maana cheni inaweza kuruka jino. Kabla ya kuirudisha, bonyeza kichwa chake ndani na ukifunge kwa ndoano yake. Ikishafungwa ndipo krenki izungushwe kwa mkono ili ndoano iachie.

Kazi za kumwachia fundi ni tatu. Kava ya cheni ikivuja kwenye kiungo chake, kwa sababu inabidi injini ifunguliwe mbele. Sili ya mbele ya krenki, ambayo utaijua kwa oili iliyorushwa duara kuzunguka puli na kulowanisha mkanda. Boliti ya puli imekazwa Nm 128 na inahitaji kifaa cha kushikia puli. Na sili ya nyuma, inayotaka gia boksi ishuke. Hiyo ya nyuma usiikubali mpaka injini ioshwe mbele yako, iendeshwe, na uone kwa macho kwamba juu yote ni kavu huku oili ikitokea kwenye kiungo tu. Fundi mkweli hatakasirika ukiomba hivyo.

Kuhusu oili nzito na dawa za kuziba. Dawa hizo huvimbisha mpira kwa muda, lakini haziwezi kuziba kiungo cha silikoni, boliti iliyolegea wala wosha iliyokwisha. Kuweka namba 40 badala ya 5W-30 kunapunguza tone, ni kweli, ila tenshena ya cheni na VVT-i ya injini hizi hufanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vyembamba. Asubuhi oili nzito inachelewa kufika, cheni inalia, na uchakavu huo utaulipia baadaye.

Ukilazimika kuingia chini ya gari, jeki ni ya kuinulia tu. Weka stendi pande zote mbili kwenye ardhi ngumu, zuia tairi za nyuma kwa magogo, vuta breki ya mkono, kisha litikise gari kabla hujaingiza kichwa. Matofali yanapasuka bila kutoa taarifa. Oili chafu iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke gereji inayoikusanya. Ukiimwaga mtaroni itaishia kwenye visima na mito yetu, na ukiipaka mikononi kila siku itakuharibu ngozi, kwa hiyo vaa glavu.

Baada ya matengenezo kagua kwa tochi siku ya kwanza, baada ya kilomita 100, na baada ya kilomita 500, na boksi likae chini ya gari wiki nzima. Na kwa anayekwenda kununua gari la mkononi: injini inayong'aa kwa kuoshwa asubuhi hiyo hiyo haikuambii lolote. Omba iachwe inaunguruma dakika 20, nenda nayo mzunguko mrefu, kisha fungua boneti, toa koili moja uchungulie shimo la plagi, na mulika kona mbili za tapeti kava upande wa cheni kabla ya kutaja bei.

Ni mimi,
Fundi magari,
Dar es Salaam